Siku Niliyomwita Shoga Yangu

Kwetu mwanamke akimwita mwenziwe shoga, amemwita rafiki. Nimekulia ndani ya neno hilo. Mama yangu alikuwa na mashoga zake waliokuja kunywa chai alasiri katika fleti yetu ya Jeddah, wote watu wa Unguja walioondoka mwaka sitini na nne wakiwa wasichana, na kila mmoja alimwita mwenziwe shoga huku akimkatiza maneno. Najua pia kwamba neno hilohilo akiitwa mwanamume linageuka tusi, na najua ni tusi la nini. Kila mtoto wetu anajua. Lakini mwanamke kwa mwanamke, shoga ni shoga tu, na sikuwahi kulifikiria zaidi ya hapo mpaka nilipofika miaka arobaini na mitatu, ndani ya chumba kilichofungwa mapazia, na kikombe cha chai mkononi.

Mimi ni mkalimani. Niliolewa Riyadh, na kwa miaka kadhaa nimefanya kazi kwa daktari wa maradhi ya akili ambaye kliniki yake iko Al-Murabba, ghorofa ya tatu, juu ya duka la sare za wafanyakazi. Daktari wangu ni mama wa Kisudani, mpole, ambaye husikiliza akiwa ameiweka kalamu chini. Sijaona daktari mwingine anayefanya hivyo. Kazi yangu ni kukaa kati yake na wanawake wa Kenya na Tanzania wanaoletwa na waajiri wao kwa sababu hawalali, au wanalia jikoni, au wameacha kusema. Wao wananiambia kwa Kiswahili, mimi nampa daktari kwa Kiarabu, na yeye akijibu narudisha. Nilijiona hodari sana. Kiswahili cha bara nilikuwa nakidharau kidogo, nakiri, na nilifurahi kila mgonjwa aliponiambia kwamba mimi naongea kama redio.

Asubuhi moja madam mmoja wa Al-Suwaidi alimleta mfanyakazi wake. Huyu madam alikuwa mwalimu wa shule, mtu wa heshima, na alieleza vizuri: mwanamke huyu amekuwa naye miaka mitatu, hana kosa, lakini sasa hali, halali, anapiga pasi shati lilelile mara mbili. Alimgusa begani, akamwambia, "Yalla, ingia," na yeye mwenyewe akabaki nje sebuleni, kama daktari wangu anavyotaka.

Mgonjwa alikuwa Mkenya wa bara, umri wangu au karibu yake, ndani ya abaya iliyompwaya. Alikaa ukingoni mwa kiti. Nikaona nimkaribishe kikwetu.

"Keti vizuri, shoga yangu," nikamwambia. "Usiogope, hapa hapana neno."

Akasimama. Akautazama mlango, halafu akanitazama mimi.

"Ni nani amewaambia?"

Nilidhani anauliza habari ya kukosa usingizi. Nikacheka kidogo ili atulie. "Hapana haja ya kuambiwa. Mtu akikutazama tu anaona."

"Kwani inaonekana?"

"Usoni kote, mwenzangu."

Akakaa tena. Mikono aliiweka juu ya magoti, akawa anaisugua pale pale.

"Sawa," akasema. "Kama mnajua, mnajua. Lakini please, hakuna kitu mbaya tumefanya kwa nyumba ya madam. Naapa kwa Mungu. Yeye alikuwa anafanya nyumba ya pili, ile ya ukuta wa brown. Tulikuwa tunakutana tukitoa takataka, hivyo tu, na siku ya off kama wametupea. Mwaka mmoja na nusu. Sasa bosi wake, kafili, amempeleka Jeddah kwa familia ingine, hata kuagana hatukuagana. Yeye ni wa Kisumu, mimi ni wa Machakos, hatungejuana maisha yetu yote kama si hapa. Huyo ndiye mtu wangu. Sasa nyinyi mnataka kunifanya nini?"

Mambo haya nimeyasikia mara nyingi. Wanawake hawa hupenda madereva, na madereva huhamishwa. Nikamuuliza kama mtu anayejua kazi yake, "Dereva?"

"Dereva gani?" Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Ni msichana. Si mmesema mnajua?"

Damu ilinipanda usoni nikaihisi mpaka kwenye masikio. Mimi ni mtu wa kuswali, nimelelewa na mama asiyetaja hata mimba mbele ya wanaume, na mambo haya kwetu husemwa kwa kunong'onezana huku mtu akiomba Mungu amwepushie mbali. Sikuwahi kuyasikia yakisemwa namna hii, kwa sauti ya kawaida, na mtu aliyevaa soksi za kijivu zilizotoboka kidoleni. Nilishtuka hata nikasahau kufanya kazi yangu.

"Anasemaje?" daktari akauliza.

Hapo ndipo nilipokwama. Kiswahili kina "yeye," na yeye anaweza kuwa mtu yeyote. Kiarabu hakikuachii nafasi hiyo, lazima useme ni wa kiume au wa kike, na kitenzi nacho kinakudai. Nikisema mwanamume, nimemtia katika balaa la mfanyakazi aliyekutana na mwanamume. Nikisema mwanamke, neno la Kiarabu nililolijua kwa mambo hayo lilikuwa moja tu, na ni neno ambalo watu hulitema. Daktari alikuwa anangoja, kalamu chini.

"Anasema amemkosa dada yake," nikasema. "Alikuwa nyumba ya jirani. Wamemhamishia Jeddah."

Kwa wiki kadhaa nilijiambia kwamba ile ilikuwa huruma. Haikuwa huruma. Niliona haya mimi mwenyewe, sikutaka neno lile litoke mdomoni mwangu mbele ya mama yule wa Kisudani, na huruma nikaitafuta baadaye.

Daktari akainama mbele. "Mwambie kumkosa dada katika nchi ya watu ni msiba kamili. Mwambie si udhaifu."

Nikamgeukia mgonjwa. "Daktari anasema huo ni msiba kamili. Si udhaifu."

Neno dada nililiacha njiani. Na yule mwanamke akamtazama daktari, akalia. Alilia kwa sauti, akaushika mkono wa daktari kwa mikono miwili. "Mwambie asante," akaniambia. "Mwambie asante kwa kutonifukuza."

"Anasema asante," nikamwambia daktari.

Daktari akaomba ruhusa aseme na madam ili amsaidie. Nikamuuliza mgonjwa kama anakubali daktari amwombee kwa madam, akakubali kwa kichwa, mtu aliyekwisha kuamua kutuamini. Pale mlangoni daktari akasema: mfanyakazi wako anamlilia dada yake aliyeko Jeddah, tafuta njia waonane. Madam akajipiga paja. Maskini, miaka mitatu hajasema kama ana dada. Shule zikifungwa familia inakwenda Jeddah, atamchukua, ampeleke mpaka kwenye nyumba hiyo aliyomo dada yake.

Nilijipa moyo kwamba waajiri huahidi mengi na husahau.

Haukupita muda daktari wangu akaalikwa kwenye mafunzo ya siku mbili Jeddah, akaambiwa aje na mkalimani wake. Karatasi ya mwaliko ilisema tu kwamba mafunzo yanahusu kumhudumia mteja mwenye siri. Nikafurahi, nilikuwa na hamu ya kulala nyumbani kwa mama yangu. Tulifika asubuhi katika fleti ya watu, fleti ya kawaida yenye viatu mlangoni, na kitu cha kwanza tulichoambiwa ni kuweka simu zetu ndani ya sufuria kubwa la pilau lililokuwa juu ya meza ya jikoni. Mtu akalifunika na mfuniko, juu ya mfuniko akaweka taulo. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Tulikuwa watu tisa, madaktari na washauri, pamoja na muuguzi mmoja wa Kenya, mama wa makamo aliyefanya kazi Jeddah tangu ujana wake.

Mkufunzi alikuwa mwanamume mfupi, Mwarabu aliyesomea kazi hii mbali akarudi nyumbani. Alisema hapa hatutaji jina la mtu yeyote, wala letu. Halafu akasema tumekuja kujifunza namna ya kumtibu mtu anayependa wa jinsia yake, mtu ambaye huletwa kwetu kwa jina la kukosa usingizi, au kwa jina la ndoa iliyoshindikana, na mara nyingi huletwa na mtu yuleyule anayemwogopa.

Nilifikiria viatu vyangu pale mlangoni. Kweli nilitaka kuondoka. Nikamtazama daktari wangu, naye alikuwa anaandika tarehe juu ya karatasi yake, ametulia. Alikuwa anajua tunakuja kusikiliza nini. Hilo nalo lilinishtua.

Daktari mmoja mwanamume akasema moja kwa moja kwamba haya ni maradhi na kazi ya daktari ni kuponya. Mkufunzi hakukasirika. Alisema wenzetu wa fani hii waliyatoa kwenye orodha ya maradhi zamani, kabla ya wengine wetu kuanza shule, na tangu hapo tulichobakiwa nacho cha kutibu ni woga, kukosa usingizi na kutaka kufa. Mwingine akauliza habari ya dini. "Mimi naswali," mkufunzi akasema. "Adhuhuri tutaswali hapa sote. Lakini mteja anapoingia mlangoni hakuja kuniuliza nitajibu nini mbele ya Mola wangu. Amekuja kwa sababu halali." Na kweli adhuhuri ilipofika tuliswali palepale, wanaume mbele, wanawake nyuma, karibu na lile sufuria la simu. Nilisujudu nikiwa nimevurugika vibaya, sijui niombe nini.

Baada ya chakula akatupa karatasi, akatuambia tuandike mistari mitatu ya faili kuhusu mteja wa kubuni, mfanyakazi wa nyumbani aliyetueleza jambo hili. Kila mtu akaandika vizuri, kwa hati ya kazi. Alipoona tumemaliza akasema: mpe karatasi yako aliye kushotoni kwako, na yeye sasa ni kafili wa mteja wako, ameomba kuona anacholipia, asome kwa sauti. Yule daktari aliyetaka kuponya alisoma karatasi ya jirani yake mpaka mstari wa pili, akasimama, akairudisha bila kutazamana na mtu. Nilimwona mshauri mmoja akifutafuta karatasi yake kwa kalamu mpaka ikachanika. Mkufunzi akasema, "Andika hawezi kulala. Aliyoyasema mengine yabaki kwake, kama hana mahali pengine pa kuyaweka."

Kisha akaingia kwenye maneno. Usimpe mteja jina, alisema. Muulize yeye mwenyewe anajiitaje, na kama hajiiti chochote, nawe usimwite. Akanigeukia mimi. Alitaka kujua wakalimani tunafanyaje mtu asiyetujua akubali kusema.

Mimi nikajinyosha. Nilikuwa nimekaa kimya tangu asubuhi, nikaona sasa ni zamu yangu kuonyesha kwamba nami nina fani. Nikaeleza kwa Kiarabu kwamba siri ni ukarimu, kwamba mimi humwita mgonjwa kwa neno moja la upendo la kwetu, na papo hapo hufunguka. Nikasema nilikuwa na mmoja hivi karibuni, Mkenya, aliyemwaga moyo wake wote kabla daktari hajauliza swali. Nikalitaja neno lenyewe.

Yule muuguzi wa Kenya akaweka kikombe chake mezani.

"Mama, hebu rudia," akaniambia kwa Kiswahili. "Ulimwita nini?"

"Shoga yangu."

"Mtu wa wapi?"

"Machakos."

Alijishika kifua. "Kwetu bara hilo neno halina maana mbili. Huko Mombasa labda wanajua hiyo yenu. Sisi tunajua ile moja. Wewe mtu anaingia kwa daktari, ameletwa na bosi wake, halafu wewe unamwambia keti chini, shoga?"

Nilikuwa nimeshika chai na nilikuwa nasikia upya kila neno la asubuhi ile. Ni nani amewaambia. Hapana haja ya kuambiwa. Kwani inaonekana. Usoni kote, mwenzangu. Kama mnajua, mnajua. Nilikuwa nimejisifu kwa wiki zote hizo kwamba yule mwanamke aliniamini. Hakuniamini hata kidogo. Alidhani amekamatwa, akakiri, na mimi nilikaa mbele yake nikitabasamu.

Chai ikanimwagikia mapajani. Muuguzi alichukua kikombe mkononi mwangu. Wengine walikuwa wanatungoja tuwaeleze kwa Kiarabu, na nilipoanza kueleza niliona uso wa daktari wangu ukibadilika polepole, kwa sababu yeye alimjua mgonjwa wa Machakos, na alimjua kama mtu mwenye dada.

Akanivuta jikoni.

"Alisema nini siku ile?" akaniuliza. "Yote."

Nikamwambia yote. Nikamwambia kwamba dada si dada, na kwamba sentensi yake ya msiba niliipitisha bila neno la dada, kwa hiyo mgonjwa anadhani daktari anajua kila kitu na amemkubali. Daktari wangu hajawahi kunipazia sauti, na siku ile pia hakupaza. Alishika ukingo wa sinki.

"Madam alinipigia jana," akasema. "Wako hapa Jeddah. Amekwisha kupanga na mwajiri wa pili. Kesho baada ya alasiri anampeleka kwa dada yake."

Sikuhitaji kuelezwa hatari iliyopo. Mfanyakazi ana ikama, kibali chake cha ukaazi, na ikama ina jina la baba yake. Waajiri wawili watakaa pamoja, watakunywa kahawa, mmoja atasema dada yako huyu, mwingine atasema huyu hana dada. Kisha watajiuliza mwanamke amesafirishwa kutoka Riyadh kuja kumwona nani, na kwa nini alikuwa halali. Uongo niliousema kwa haya zangu ndio uliomwandalia safari ile.

Daktari alitaka kumpigia madam na kuivunja. Angesema mgonjwa hafai kusafirisafiri, kwisha. Mkufunzi alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, sijui tangu lini.

"Yeye mwenyewe mmemuuliza?" akasema.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Daktari alifunua sufuria, akachakura simu za watu mpaka akaipata yake. Alimwomba madam aseme na mfanyakazi kuhusu dawa zake, kwa lugha yao, na madam akampa simu, akaiweka sauti ya juu ili asaidie. Nyuma yao televisheni ilikuwa inaimba nyimbo za watoto.

"Ni mimi, mkalimani," nikasema. "Usibadili uso. Madam yuko hapo?"

"Yuko hapa na mimi."

"Siku ile nilikuita shoga. Kwetu maana yake ni rafiki. Basi. Sikuwa najua kitu chochote."

Mtoto upande wa pili alikuwa anaomba maji.

"Kwa hivyo hakuna mtu alikuwa amewaambia."

"Hapana."

"Ni mimi nilijisema."

"Ni mimi niliyekusemesha. Na daktari sikumwambia. Nilimwambia ni dada yako, ndiyo maana madam anakupeleka. Daktari amejua leo. Nisamehe."

Alitoa sauti fupi puani. "Na mimi nikashangaa madam amenunulia dada zawadi. Nikasema daktari amenipangia, amenifichia. Mimi nimekuwa nikiwaombea nyinyi wawili kila asubuhi."

Sijui kama nitawahi kusikia jambo la kuniumiza kuliko hilo. Nilisimama pale jikoni kwa watu na suruali yangu imelowa chai, na daktari ananitazama, anangoja tafsiri. Nikamtafsiria. Hakuna nililolipunguza.

"Muulize anataka nini," daktari akasema.

Nikamuuliza. Nikamwambia tunaweza kusema hafai kwenda, na hakuna atakayeuliza zaidi. Nikamwambia akienda, yule mwajiri wa pili huenda akahoji.

"Naenda," akasema papo hapo. "Wakiuliza nitawajibu. Wakenya wote huku si ni dada? Mwambie daktari amwambie madam hivyo, ya kwamba si dada wa tumbo moja. Lakini wewe ukuje. Na usiseme kitu sijasema."

Daktari akamwambia madam kwamba kwa lugha yao dada si lazima awe wa mama mmoja, na madam akasema hilo analijua sana, wote huitana hivyo. Akaongeza kwamba ingekuwa vizuri mimi nije, maana wao wawili watataka kupiga soga.

Siku ya pili ya mafunzo sikusikia kitu mpaka adhuhuri. Alasiri nilipanda teksi kwenda kwenye nyumba ya yule mwajiri wa pili. Madam wa Suwaidi alikuwa amefika, amekaa na mwenye nyumba, mama mnene mwenye macho makali, katikati yao birika la kahawa na sahani ya tende. Yule wa Machakos alikuwa amesimama karibu na ukuta, amevaa blauzi safi ndani ya abaya. Soksi zake zilikuwa mpya.

Mlango wa ndani ukafunguka, akaingia mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, na trei ya sambusa. Alimwona mgeni wake, akasimama. Trei haikutikisika. Aliiweka mezani taratibu, akapanga vikombe ambavyo havikuhitaji kupangwa, ndipo akaenda ukutani.

"Habari yako," akasema.

"Mzuri."

Wakapeana mikono, mbali mbali, kama watu wa ofisini.

Mwenye nyumba akacheka. "Dada gani hawa? Mimi sijawahi kumsalimu hivi hata mke mwenzangu." Kisha akaacha kucheka, akanigeukia. "Huyu wangu hana dada Riyadh, hajawahi kuniambia. Waulize, huyu ni nani wake?"

Niliutamani uongo. Nilikuwa nao tayari, mzuri, laini, wa kanisa na wa kijiji kimoja, na ungeweza kutoka mdomoni mwangu kabla yeyote hajapumua. Nikamgeukia yule wa Machakos.

"Anauliza, huyu ni nani wako?"

Akanitazama machoni. Alikuwa ananipima, na alikuwa na haki.

"Mwambie hatujazaliwa na mama mmoja," akasema. "Mwambie huyu ndiye mtu wangu wa karibu kwa hii nchi yote. Hakuna mwingine."

Nikamgeukia mwenye nyumba. Kiarabu kikanidai jinsia, nikakipa. Nikasema: hatukuzaliwa na mama mmoja, mwanamke huyu ndiye mtu aliye karibu nami kuliko wote katika nchi hii, hakuna mwingine. Nilipomaliza mwenye nyumba alikuwa anamtazama mfanyakazi wake, halafu yule mgeni, halafu soksi zake. Mikono yangu niliificha ndani ya abaya.

Madam wa Suwaidi akajifuta jicho kwa kitambaa cha karatasi.

"Maskini," akasema. "Wanatuonea haya sisi. Waambie wakumbatiane."

"Madam anasema mkumbatiane," nikasema.

Wakakumbatiana. Yule wa Machakos alifumba macho, vidole vyake vikaishika aproni ya mwenzake mgongoni vikaikunja. Mwenzake hakufumba. Kidevu kiko begani kwa mtu wake, macho yake yalikuwa wazi, yananitazama mimi, kisha mwenye nyumba, kisha mimi, analinda. Nimekuwa mtu mzima, nimeolewa, nimezaa, na nilijiona sijui kitu. Wala sikujua niangalie wapi. Madam wa Suwaidi akasema hivi ndivyo dada wanavyokuwa.

Mwenye nyumba akaweka kikombe chini, akamwonyesha mfanyakazi wake mlango wa ndani.

"Halas," akasema. "Yalla."

Hilo sikulitafsiri. Walilijua wote wawili.